Picha Zilifika Kavu, Wabebaji Walifika Wamelowa: Stori ya Ruwenzori 1906

Kila msimu wa kupanda Kilimanjaro, picha ni zile zile. Mtu kasimama kwenye ule ubao wa kileleni, mikono juu, koti jekundu, anga la bluu nyuma yake. Laiki zinamiminika. Kitu kisichoonekani ni kwamba siku nne kabla, kule chini msituni, mvua ilikuwa inanyesha kama bomba limepasuka, na kamera iliyopiga picha hiyo ilikuwa ndani ya begi, begi ndani ya sandarusi, sandarusi mgongoni kwa mtu mwingine kabisa.

Huyo mtu mwingine hayupo kwenye picha. Na hajaanza kukosekana juzi. Zaidi ya miaka mia moja sasa, nyuma ya picha kali za milima ya Afrika Mashariki kuna mtu aliyelowa ili kamera isilowe. Wenye kamera tunawajua. Waliolowa, majina yao kutafuta ni kazi.

Stori yenyewe inaanza mbali kidogo.

Siku hizi simu ikidondoka kwenye ndoo ya maji inatolewa, inafutwa kwenye fulana, maisha yanaendelea. Zamani ilikuwa balaa, maana mpaka miaka ya 1870 picha nyingi zilitengenezwa kwa kumwagia kioo dawa, kukiweka kwenye kamera kikiwa bado kibichi, kupiga, halafu kukisafisha hapo hapo kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alisafiri na chumba chake cha giza: hema dogo lisilopitisha mwanga, chupa za kemikali, beseni, maji, na vioo kibao.

Mwaka 1860 Waingereza wawili, Speke na Grant, walitoka Zanzibar kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwenye kamera alikuwa Grant. Hawakufika mbali, Speke akaamua kamera irudishwe pwani, kwa sababu aliona joto la ndani ya lile hema dogo litamuua mwenzake. Yaani hema lililofungwa vizuri kuzuia mwanga lilikuwa linampika mtu mzima mzima. Safari iliyobaki Grant akawa anachora kwa mkono. Na kamera nayo haikurudi pwani kwa miguu yake. Kuna mtu aliibeba.

Mambo yalibadilika mwaka 1871, daktari mmoja Mwingereza, Richard Leach Maddox, alipotangaza njia ya kutumia jelatini. Kioo kinapakwa dawa kiwandani, kinakauka, kinafungwa kwenye boksi, mtu anakibeba miezi mingi, anapiga picha, anaenda kukisafisha baadaye. Ila hapo ndipo ugonjwa mpya ulipoanza. Jelatini ni ile ile ya kutengenezea jeli ya kula. Ikipata unyevu inavimba na kunata. Ikikaa kwenye unyevu na joto, fangasi wanaipenda kama wanavyopenda mkate uliosahaulika kabatini. Kabla ya hapo maji yalikuwa sehemu ya kazi. Sasa maji yakawa adui.

MLIMA UNAOJIFICHA

Kama kuna sehemu ya kwenda kupima huo uadui, ni Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Congo. Kilele chake cha juu kina mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini Kilimanjaro ni mlima mmoja unaojionesha tu kutoka Moshi asubuhi ikitakata. Ruwenzori ni safu nzima ya milima, na muda mwingi imejifunika mawingu. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyegeuka mpelelezi, alifika jirani na milima hiyo mwaka 1876 asione hata chembe ya theluji. Aliiona mwaka 1888, miaka kumi na mbili baadaye. Fikiria mlima wenye barafu juu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, unapita jirani usiuone.

Mvua ya huko haina adabu. Miaka ya jua kali kwingine, huko bado tope. Kuna mabonde ambayo njia nzima ni matope yenye vichuguu vya majani, mtu anaruka kutoka kichuguu hadi kichuguu, akikosea anazama mpaka gotini. Miti imevaa kuvumwani kama imevalishwa masweta. Hata siku isiyo na mvua, kila tawi linadondosha maji.

Mwaka 1905 mpanda milima Mwingereza, Douglas Freshfield, alikuja na uzoefu wake wote akashindwa, hali ya hewa ikamrudisha chini. Na huyu hakuwa mgeni wa milima, alikuwa ameuzunguka mlima Kangchenjunga kule Himalaya mwaka 1899. Kwenye safari hiyo ya Himalaya alikuwa na mpiga picha Mtaliano anaitwa Vittorio Sella.

Mwaka uliofuata, 1906, Sella naye akaja Ruwenzori.

Sella siyo jina la mchezo. Baba yake aliandika kitabu cha mwanzo mwanzo kabisa cha upigaji picha kwa Kitaliano. Baba yake mdogo ndiye aliyeanzisha klabu ya wapanda milima ya Italia mwaka 1863. Yeye mwenyewe kwenye milima ya Caucasus alikuwa anapanda na kamera ya vioo vya sentimita 30 kwa 40, kioo kimoja kikikaribia kilo moja. Kioo kimoja, picha moja. Hebu mtu ahesabu picha alizopiga kwenye harusi ya Jumamosi iliyopita, halafu azigeuze kuwa kilo.

Mkubwa wa msafara wa 1906 alikuwa Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi. Walikuja kwa meli hadi Mombasa, wakapanda treni hadi Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, wakavuka ziwa hadi Entebbe. Kutoka hapo reli imeisha. Barabara ya gari hakuna. Kilichobaki ni miguu ya watu. Mamia ya watu.

MZIGO WA KIOO

Mzigo wa kawaida wa mpagazi kwenye misafara ya zama zile ulikuwa kama kilo 27 hadi 30. Mahema, vyakula, vyombo vya kupimia, kamba, viatu vya wageni, vitanda vya wageni. Na vioo vya picha.

Mzigo wa unga ukilowa, watu watalalamika halafu watakula uji. Mzigo wa kioo ukilowa, umekwisha. Ukianguka, umekwisha. Ukipigwa na mwanga kwa sekunde moja kwa sababu mtu kafungua boksi kuchungulia, umekwisha pia. Tena ubaya wake hakuna atakayejua kama umekwisha mpaka kioo kisafishwe baadaye gizani. Hakuna skrini ya kuangalia. Mtu anaweza kubeba sanduku la picha zilizokufa wiki tatu mlimani, akiamini amebeba mali.

Kwa hiyo dunia ya wapiga picha ilishatengeneza mbinu zake. Kamera za kwenda nchi za joto zilitengenezwa kwa mbao za mtiki, mbao ya majahazi, kwa sababu haivimbi ovyo. Viungo vilikazwa kwa shaba na skrubu, maana gundi peke yake ikikutana na unyevu wa tropiki inaachia na kamera inafunguka kama boksi la pizza. Vioo vilifungwa kwenye masanduku ya bati au zinki, na mifuniko ikazibwa kwa lehemu kabisa, kama kopo la samaki, hewa isipite. Wengine waliweka ndani chumvi ya kalsiamu, ambayo kazi yake ni kunyonya maji yaliyo hewani. Juu ya sanduku turubai, au kitambaa kilichopakwa mafuta, au kitambaa cha mpira.

Hapo kwenye mpira pana jambo. Kitambaa kisichopitisha maji kwa kutumia mpira kilianza Uskoti, Charles Macintosh alipopata hati ya ugunduzi wake mwaka 1823, na ndiyo maana Waingereza mpaka leo makoti ya mvua wanayaita kwa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Ulaya ilikuwa na njaa ya mpira: tairi za baiskeli, tairi za magari, mabomba, makoti ya mvua. Na sehemu mojawapo mpira huo ulikotoka ilikuwa Congo, ambayo mwaka 1906 ilikuwa bado mali binafsi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huko watu walilazimishwa kuingia msituni kugema, kijiji kisipofikisha kiwango kinakiona cha moto, mateka wanachukuliwa, mikono inakatwa. Upande wa magharibi wa Ruwenzori ni Congo hiyo hiyo. Yaani upande mmoja wa safu ya milima watu wanakufa kwa ajili ya mpira, upande wa pili watu wanapanda na mizigo iliyofunikwa vitambaa vya mpira vya Ulaya. Koti kavu la mtu mmoja wakati mwingine lina deni la mtu asiyemjua.

WALIOJUA PA KUJIKINGA

Wapagazi waliotoka tambarare walikuwa hodari wa njia ndefu, lakini baridi ya juu haikuwa yao. Sehemu ya juu ya mlima kazi ilishikwa na Wakonzo, watu wa milima hiyo hiyo. Ng'ambo ya Congo wapo ndugu zao, Wanande. Wakonzo walikuwa wanabeba mizigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, ili mikono ibaki huru kushika mizizi na mawe. Pekupeku. Begani ngozi za pimbi zilizoshonwa pamoja, maana pimbi ndiye mnyama waliyemfuata juu kwenye baridi kuwinda.

Na uwindaji huo ndio uliouokoa msafara mzima, ingawa vitabu vinautaja kwa kupita tu.

Kwa nini? Kwa sababu mwindaji wa pimbi anayelala mlimani siku kadhaa kwenye mvua isiyoisha anahitaji kitu kimoja kuliko vyote: sehemu kavu. Wakonzo walijua kila mwamba uliojitokeza kama paa, kila jabali ambalo mvua ikipiga haifiki chini yake. Ukifuata bonde la mto Mubuku kwenda juu, vituo vyenyewe ni hivyo: Kichuchu, Nyamuleju, Bujongolo. Siyo vijiji. Ni miamba. Bujongolo iko karibu mita 3,800, ukuta wa jiwe ulioinama, chini yake mawe yaliyoanguka zamani, na huko ndiko mwana mfalme wa Italia alikoweka kambi yake kuu.

Kwa hiyo baada ya mtiki, shaba, lehemu, zinki na chumvi za kunyonya maji, kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote vya kutoka Ulaya kilikuwa jiwe, na mwenye kujua jiwe liko wapi alikuwa mwindaji wa Kikonzo. Hema likinyeshewa siku kumi mfululizo linaanza kutoa maji kwa ndani. Turubai linachanika. Mwamba hauchaniki.

Isije ikaonekana kama kulikuwa na raha. Chini ya mwamba kuna unyevu, moto wa kuni mbichi unatoa moshi kuliko joto, na watu wamebanana kati ya mawe. Lakini sanduku la vioo likiwekwa pale, likapandishwa juu ya mawe lisiguse udongo, linapona. Aliyelibeba analala karibu na moto, ngozi yake ya pimbi inafuka mvuke.

Tarehe 18 Juni 1906 Duke alifika kilele cha juu. Akakiita Margherita, jina la malkia wa Italia, na kingine jirani akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Majina ya wanawake wawili ambao hawakuwahi kukanyaga huko. Vilele vingine, barafu na mabonde vikapata majina ya wapelelezi na wanasayansi wa Ulaya. Ramani ilijaa.

Sella yeye alikuwa na kazi nyingine. Kupanda siyo kitu kama ukifika juu hakuna unachokiona zaidi ya ukungu mweupe. Kazi ya mpiga picha wa Ruwenzori ni kusubiri. Kamera imesimamishwa kwenye miguu yake mitatu, imefunikwa, mtu anatetemeka pembeni, mawingu yanafunguka dakika chache, kitambaa kinavuliwa, kioo kinaingia, picha inapigwa, kitambaa kinarudi. Wakati mwingine siku nzima inaisha bila dakika hizo. Na kila siku ya kusubiri juu ni siku ya watu kushuka kufuata chakula na kuni, kisha kupanda tena na mzigo kwenye lile tope.

Picha alizorudi nazo ni za kutisha kwa uzuri. Kali, safi, kila ufa wa barafu unaonekana. Kitabu kikubwa cha safari hiyo kikatoka baada ya miaka miwili, kimeandikwa na daktari mmoja, Filippo De Filippi. Utamu wa stori ni huu: De Filippi hakuwemo kwenye msafara. Aliandika kwa kutumia kumbukumbu za wenzake. Jina lake liko kwenye jalada, na hakukanyaga hata tope la kwanza. Viongozi wa njia waliotoka Alps wana majina yao mle ndani, tena na ukoo. Wabebaji wengi wametajwa kwa idadi na kwa kabila.

KINACHOYEYUKA

Mtu anaweza kuuliza, sasa vioo vya mwaka 1906 vina umuhimu gani leo, si picha za zamani tu?

Jibu liko kwenye barafu. Mwaka ule barafu ya Ruwenzori yote ikijumlishwa ilikuwa kati ya kilomita za mraba 6 na 8. Sasa hivi haifiki hata moja. Wanasayansi wakitaka kujua barafu ilikuwa inaishia wapi kabla haijaanza kukimbia, wanarudi kwenye picha za msafara ule, wanasimama sehemu ile ile aliposimama mpiga picha, wanalinganisha. Satelaiti ya mwaka 1906 haikuwepo. Kilichokuwepo ni kioo, na kioo kilifika Italia kikavu.

Wajukuu wa Wakonzo waliovibeba bado wako kwenye miteremko ile. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1991, urithi wa dunia mwaka 1994, na wanaume wa Kikonzo bado wanabeba mizigo ya wageni kwenye matope yale yale, tofauti ni kwamba sasa wanavaa buti za mpira. Barafu ambayo babu zao walisaidia ipigwe picha inazidi kuondoka. Picha imebaki, jina la Sella limebaki. Ukiikuza picha ile kwenye skrini, ukaona mpasuko mwembamba wa barafu kama unywele, hapo kuna mtu aliyeteleza mara ishirini na hakuangusha sanduku.

KUTOKA MCHELE HADI VIFUKO VYA "USILE"

Baada ya vioo ikaja filamu, nyepesi, lakini jelatini ile ile, na fangasi wale wale. Silika jeli, ambayo njia ya kuitengeneza kiwandani ilipewa hati Marekani mwaka 1919, ilipata umaarufu Vita Kuu ya Pili, dawa na mitambo iliposafirishwa kwenye nchi zenye unyevu. Ni vile vifuko vidogo ambavyo watu wanavikuta kwenye boksi la viatu vipya, vimeandikwa usile, wanavitupa. Mpiga picha wa mlimani havitupi. Anaviweka kwenye begi la kamera, na vikishiba maji anavikausha kwa joto dogo, vinaanza kazi upya.

Na ule utaalamu wa kuzika simu kwenye mchele siyo wa juzi. Miaka ya 1940 wapiga picha waliokuwa nchi za joto walishauriwa kukaa na mchele au majani ya chai kavu pamoja na kamera ili vinyonye unyevu. Mchele kwa ndani ya simu iliyokwisha kunywa maji hausaidii kihivyo, vumbi lake linaingia hadi kwenye tundu la chaji. Wale walikuwa wanazuia, siyo wanatibu. Wengine walitunza kamera kwenye kabati lenye balbu inayowaka mchana na usiku, joto dogo tu la kufukuza unyevu, na mafundi wa studio za mikoa ya pwani wanaifahamu sana hiyo.

WAGUMU

Kilimanjaro wabebaji wanaitwa wagumu. Jina limejieleza. Ukanda wa msitu, hasa upande wa kusini, ndio unaokula mvua nyingi ya mlima, na Machi hadi Mei hali inakuwa mbaya zaidi. Kikomo cha mzigo wa mgeni ni kilo 20 kwa mbebaji, unapimwa kwenye mizani getini. Kabla ya kikomo hicho kuanza kusimamiwa, kilo zilikuwa zinaenda mtu anavyoweza kubebeshwa. Mwaka 2003 ulianza mradi wa kusaidia wabebaji, wenye ofisi Moshi, unaoazima nguo za mlimani bure. Kuazima. Ina maana wapo waliokuwa wanapanda kwenye mvua ya baridi na sweta la mtumba, huku begi walilobeba lina koti lake maalumu la mvua.

Zamani mambo yalikuwa rahisi, kila kitu kilitiwa kwenye mifuko ya plastiki. Juni 1, 2019 Tanzania ikapiga marufuku mifuko hiyo, rambo zikapotea sokoni, na wageni wengi wakahamia kwenye mifuko mizito isiyopitisha maji, ile ya kukunja mdomo mara tatu na kubana. Wagumu wengi wanaendelea na kiroba au sandarusi kubwa nje ya begi, na wanajua kitu ambacho wageni wanakigundua wakiwa wamechelewa: kile kifuniko cha mvua kinachokuja na begi kinakinga mbele tu. Maji yanashuka shingoni, yanapita mgongoni, yanaingia upande uliogusana na mtu. Kinachookoa kamera ni mfuko wa ndani. Nje kukilowa, basi kumelowa.

Halafu kuna maji ambayo siyo ya mvua. Hili ndilo linaloua kamera nyingi na wenye nazo hawaelewi. Kambi ya juu jioni, nje baridi kali, ndani ya hema la chakula kuna watu kumi wanapumua na sufuria la supu linatoa mvuke. Mtu anaingia na kamera baridi, anaitoa kwenye begi pale pale aangalie picha za siku. Ndani ya dakika moja lenzi inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho hilo haliishii kwenye kioo cha nje, linaingia ndani. Dawa yake ni kuifunga kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa bado nje, kuingia nayo hivyo hivyo, na kuiacha ifanane na joto la ndani kabla ya kufungua. Betri peke yake ndiyo inatolewa, inalala na mtu ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi inamaliza chaji.

Tangu Agosti 2022 kuna intaneti mlimani, kambi ya Horombo, mita 3,720. Picha haisubiri tena kufika Italia. Inapigwa, inapostiwa, na kabla supu haijapoa watu wa Dubai wameshaiona. Saa hiyo hiyo, hatua chache nje ya hema, mgumu aliyefika kambini mbele ya wote ili hema liwe limesimama anakamua soksi. Begi la kamera ameliweka juu ya jiwe, siyo chini kwenye udongo, na amelifunika kwa koti lake.